Miaka kumi baada ya El Adde, serikali itaje waliokufa

Mhariri,

Alhamisi hii, tarehe 15 Januari 2026, imetimia miaka kumi tangu Al-Shabaab wavamie kambi ya wanajeshi wetu huko El Adde, eneo la Gedo nchini Somalia. Katika muda huo tumebadilisha rais, tumebadilisha mawaziri wa ulinzi na wakuu wa majeshi, na kikosi cha Umoja wa Afrika kule Somalia kimebadilishwa jina mara mbili, kutoka AMISOM hadi ATMIS na sasa AUSSOM. Serikali ya Kenya, chini ya marais wote wawili, haijawahi kutamka hadharani ni wanajeshi wangapi walikufa asubuhi ile.

Mimi ni mkulima wa mahindi hapa Moi's Bridge, na kwa muda mrefu nimekuwa katibu wa kamati ya mazishi ya kijiji chetu. Kazi ya katibu ni daftari. Naandika nani amechanga na kiasi gani, gari la kuleta mwili limelipwa pesa ngapi, hema na viti vimekodiwa wapi. Tena mimi ndiye ninayeandaa kile kijitabu cha wasifu wanachogawiwa waombolezaji: marehemu alizaliwa lini, alisoma wapi, ameacha nani, amekufa lini na amekufaje. Pengine ndiyo sababu suala hili la idadi linaniuma kuliko linavyomuuma mwanasiasa. Nimezoea kwamba mtu akifa, anaandikwa.

Turudi kwenye siku yenyewe. Ilikuwa Ijumaa. Kambi ilivamiwa alfajiri, gari lililojaa vilipuzi likitangulia na wapiganaji wakifuata nyuma. Taarifa ya kwanza ya jeshi kwa wananchi ilisema kambi iliyoshambuliwa ilikuwa ya wanajeshi wa Somalia, jirani na yetu, na kwamba vijana wetu walikuwa wamejibu mashambulizi. Baadaye ikabidi ikubaliwe kwamba kambi ya Wakenya ndiyo iliyovamiwa. Siku chache zikapita, na Mkuu wa Majeshi wa wakati huo, Jenerali Samson Mwathethe, akajitokeza mbele ya wanahabari kueleza kwamba nguvu ya mlipuko ule ilikuwa mara tatu ya bomu lililolipua ubalozi wa Marekani jijini Nairobi mwaka 1998. Nilisikiliza taarifa hiyo redioni, mimi na wakulima wenzangu, kwenye duka la mbegu na mbolea. Duka zima lilinyamaza tukingoja atakapotaja idadi ya waliokufa. Hakuitaja. Kwa hiyo nguvu ya mlipuko iliweza kupimwa ndani ya siku chache, lakini watu waliouawa nao hawajahesabiwa mbele yetu kwa miaka kumi.

Na kwa kuwa Jenerali mwenyewe ndiye aliyeutaja mwaka 1998, nimkumbushe kwamba waliouawa siku ile ya Agosti 7 wameandikwa majina yao ukutani, katika bustani ya kumbukumbu pale pale ubalozi ulipokuwa, katikati ya Nairobi. Mtu yeyote anaweza kwenda leo akamtafuta wake kwa kidole. Waliouawa katika jumba la maduka la Westgate, Nairobi, mwaka 2013 tunajua walikuwa 67. Waliouawa Chuo Kikuu cha Garissa mwaka 2015 walikuwa 148. Waliouawa katika hoteli ya DusitD2, Nairobi, tarehe 15 Januari 2019, siku ile ile ya El Adde miaka mitatu baadaye, walikuwa 21. Idadi hizi Wakenya wanazijua kwa kichwa. Mwananchi wa kawaida akiuawa na Al-Shabaab ndani ya Kenya tunaambiwa, tunaomboleza pamoja, bendera inashushwa nusu mlingoti. Aliyevaa sare, akatumwa na serikali, akaapa kuifia nchi, huyo akiuawa na watu wale wale ng'ambo ya mpaka anageuka siri. Sijapata mtu wa kunieleza hekima ya jambo hilo.

Tulichokijua kililetwa na watu wa nje. Mwezi Februari 2016, Rais wa Somalia Hassan Sheikh Mohamud alizungumza katika runinga akataja wanajeshi 180 au karibu 200. Jeshi letu likakanusha, lakini halikutoa idadi yake. Mwezi Mei mwaka huo shirika la habari la CNN likaripoti kwamba waliokufa walikuwa si chini ya 141. Hapo tena, kimya. Umoja wa Afrika nao ulikuwa na msimamo kwamba kutangaza vifo ni jukumu la nchi iliyotuma wanajeshi. Nchi hiyo ni sisi. Tumewaacha majirani na wageni watuhesabie maiti wetu, kisha tukawaambia wamekosea, na hesabu yetu tukaifungia kabatini.

Ndani ya nchi aliyejaribu kusema alionywa. Waziri wa Usalama wa Ndani wakati ule, Joseph Nkaissery, alitangaza kwamba anayesambaza picha za wanajeshi waliouawa angechukuliwa kuwa anawaunga mkono Al-Shabaab. Kuhusu picha, mimi namuunga mkono aliyetaka ziondolewe. Hakuna mama anayestahili kumwona mwanawe hivyo kwenye simu ya jirani. Lakini onyo lile halikuishia kwenye picha. Mwanahabari Yassin Juma alikamatwa kwa aliyoandika mitandaoni kuhusu shambulio hilo, kwa sheria ya matumizi mabaya ya vyombo vya mawasiliano. Kile Kifungu cha 29 cha sheria hiyo kilichokuwa kikitumika kuwakamata watu namna hiyo kilibatilishwa na Mahakama Kuu mwezi Aprili mwaka huo huo. Mahakama ilifanya kazi yake, lakini hofu ilikuwa imekwisha kufika vijijini, na huku kwetu maamuzi ya mahakama hayasafiri haraka kama hofu.

Niseme nilichokiona mwenyewe. Kikosi cha 9 cha Kenya Rifles, ambacho wengi wa waliokuwa El Adde walitoka, kina makao yake Moi Barracks, Eldoret. Si mbali na kwetu. Watoto wa huku wakimaliza shule hukimbilia kujiandikisha jeshini, mahindi yakiwa bei mbaya hukimbilia zaidi. Kijana wa jirani yangu alikuwa mmoja wao. Nilimjua tangu akibebwa mgongoni. Nilimwona Krismasi ya mwaka uliotangulia akimsaidia mamake kupanga magunia ghalani, akisema akirudi atajenga jiko la matofali kwa sababu lile la zamani lilikuwa linamuumiza mama macho kwa moshi.

Baada ya shambulio, simu yake haikupatikana. Mama yake na mjomba wake walikwenda Eldoret, wakakuta jamaa wengine wengi wamekaa wakingoja. Mama alitolewa damu ya vipimo vya DNA kwa sababu miili mingi ilikuwa imeungua isitambulike. Akarudi nyumbani kungoja. Nataka msomaji aelewe kungoja kule kulikuwaje. Desturi yetu ni kwamba watu hawaji kuketi matanga mpaka ijulikane kwamba mtu amekufa. Kwa hiyo hatukuweza kwenda kukaa naye kama msiba, wala hatukuweza kukaa majumbani mwetu kama kwamba hakuna msiba. Wanawake walikuwa wakipita kwake na chupa ya chai, wanakaa, wanazungumzia mvua. Mimi nilikuwa na daftari jipya nimelinunua, nikaona aibu kulifungua, maana kulifungua ni kumtangaza amekufa.

Mwili ulikuja baada ya wiki kadhaa, jeneza likiwa limefungwa na bendera juu. Siku moja kabla ya mazishi nilikaa na familia kuandika wasifu. Tulipofika pale pa kueleza kifo, nikaandika kwa kalamu: "Aliuawa tarehe 15 Januari 2016 katika kambi ya El Adde, Somalia, akiitumikia nchi yake." Mjomba wa kijana alisoma, akaniambia, "Katibu, andika tu 'akiwa kazini.' Hatutaki shida." Nilimtazama mama. Alitikisa kichwa kukubaliana na kaka yake. Nikafuta. Kijitabu kikachapishwa bila jina la mahali alipofia. Watu mia kadhaa walikuja, kila mmoja akijua, watoto wa shule ya msingi wakijua, mhubiri akijua, na hakuna aliyelitamka jina hilo kwenye kipaza sauti. Mimi nimeandika wasifu wa watu waliokufa kwa ajali, kwa saratani, kwa pombe, hata kwa kujitoa uhai. Huo ndio wasifu pekee niliowahi kuandika ambao familia iliogopa kusema mpendwa wao alikufia wapi, na kumbe alikuwa amekufa kifo cha heshima kuliko wote niliowaandika.

Nimeombwa na mama huyo nisimtaje jina, wala langu lisitokee kwa kuwa lingemtambulisha. Ameniruhusu nieleze hayo mengine.

Sasa kuna watakaosema, kama walivyosema miaka yote, kwamba kutaja idadi ni kumpa adui silaha. Nimeitafakari hoja hiyo kwa makini kwa sababu inatolewa pia na watu ninaowaheshimu, wakiwemo wazee wawili wa hapa waliotumikia jeshi. Lakini adui alikuwa ndani ya kambi. Alitembea juu ya maiti wetu, akachukua magari na silaha zetu, akateka wengine, na miezi michache baadaye akatoa video yake. Al-Shabaab hawahitaji taarifa ya Wizara ya Ulinzi kujua walichofanya El Adde. Asiyejua ni aliyemzaa mwanajeshi, aliyemchagua mbunge na anayelipa kodi. Siri ambayo adui anaijua na mwananchi haijui inamlinda nani?

Wengine husema vita vilikuwa vya vurugu, miili imeungua, haikuwezekana kupata hesabu kamili. Hapo mimi kama mtu wa daftari nakataa kabisa. Kila kampuni ya jeshi ina orodha ya majina. Anayepelekwa mpakani anaandikwa, anayekwenda likizo anaandikwa, anayeugua anaandikwa. Zaidi ya hayo, wanajeshi wa AMISOM walikuwa wakilipiwa na Umoja wa Ulaya dola 1,028 kwa kila kichwa kila mwezi, na fedha hizo zilipitia mikononi mwa serikali zilizowatuma. Fedha kama hizo hazitolewi kwa makadirio. Mwanajeshi akiwa hai alihesabiwa vizuri kila mwezi hadi mtu wa mwisho, kwa kuwa kila mtu alikuwa na malipo yake. Basi toa waliokuwapo Desemba 2015, ondoa walioendelea kulipwa baada ya Januari 2016, ondoa waliohamishwa na waliostaafu, na utapata jibu. Karani mmoja mwenye daftari la mishahara anaweza kuimaliza kazi hiyo kabla ya chakula cha mchana. Idadi ipo. Kinachokosekana ni mtu wa kuitoa.

Na wale ambao miili yao haikupatikana? Sheria yetu ya Ushahidi inasema mtu ambaye hajasikika kwa miaka saba na wale ambao wangepaswa kumsikia anachukuliwa kuwa amekufa. Miaka saba ya El Adde ilitimia Januari 2023. Sheria imekubali kwamba hawa wamekwenda. Serikali iliyowatuma bado haijafungua mdomo.

Hapo nitaje Uganda. Tarehe 26 Mei 2023, Al-Shabaab walivamia kambi ya wanajeshi wa Uganda huko Buulo Mareer, kusini mwa Mogadishu. Shambulio lilikuwa la namna ile ile, gari la vilipuzi kwanza kisha wapiganaji. Haikupita hata wiki mbili, Rais Yoweri Museveni akatangaza kwamba wanajeshi 54 wa Uganda wameuawa, akasema pia kwamba baadhi ya makamanda walifanya makosa na watashtakiwa. Sina haja ya kumpamba Museveni. Waganda wenyewe wanajua wanavyonyimwa kusema mengine mengi. Ndiyo sababu mfano huo unaniuma. Nchi ambayo tumezoea kuitazama kama haina uhuru tulionao sisi iliweza kuwatajia watu wake 54 waliokufa, na Uganda haikuanguka, wala jeshi lake halikuvunjika moyo likakimbia Somalia. Liko huko mpaka leo.

El Adde haikuwa ya mwisho kwetu. Tarehe 27 Januari 2017, mwaka mmoja kamili tangu Rais Uhuru Kenyatta asimame Moi Barracks na marais Muhammadu Buhari na Hassan Sheikh Mohamud katika ibada ya kuwakumbuka waliouawa El Adde, kambi yetu nyingine huko Somalia, ya Kulbiyow, ikavamiwa. Mara hii jeshi lilitoa idadi: tisa. Al-Shabaab wakadai zaidi ya 50. Mimi sina sababu ya kuamini magaidi, na natamani sana kuamini jeshi la nchi yangu. Lakini aliyekuficha la kwanza, la pili utalipokea vipi? Hiyo ndiyo gharama ya kunyamaza, na anayeilipa zaidi ni jeshi lenyewe, kwa sababu siku litakaposema kweli tupu, nusu ya nchi itakuwa inasoma uvumi wa WhatsApp.

Nasema haya yote kwa sababu vita hii haikuanza kwa uwazi. Oktoba 2011, baada ya watalii na wafanyakazi wa misaada kutekwa Lamu na Dadaab, mawaziri wawili, George Saitoti wa Usalama wa Ndani na Yusuf Haji wa Ulinzi, walitangaza kwamba tutawafuata Al-Shabaab hadi kwao. Operesheni ikaitwa Linda Nchi. Nchi ilishangilia, na nakumbuka hata kanisani tuliombea ushindi wa haraka. Bunge lilihusishwa wanajeshi wakiwa tayari ng'ambo ya mpaka. Hakuna aliyesema tutajuaje kwamba kazi imekwisha. Kismayo ilitekwa mwishoni mwa Septemba 2012, tukadhani mwisho umefika. Yakafuata mashambulizi ndani ya Kenya: Westgate, Mpeketoni, basi la Mandera, Garissa. Upinzani ulipodai mwaka 2014 kwamba wanajeshi warudishwe, serikali ikajibu kwamba watakaa mpaka Somalia itulie. Mwaka huo huo Wasomali wa mtaa wa Eastleigh, Nairobi, wengi wao Wakenya kama mimi, walisombwa kwa maelfu na kuzuiliwa katika uwanja wa Kasarani kana kwamba wao ndio waliotuvamia. Ni zaidi ya miaka 14 sasa. Watoto waliozaliwa Linda Nchi ikianza wako sekondari, na karibu wenyewe watapanga foleni ya kujiandikisha jeshini.

Mimi si mtaalamu wa kusema tuondoke kesho au tubaki. Lamu na Mandera wana haki ya kulindwa, na anayeishi mbali na mpaka asiwe mwepesi wa kuwaamulia. Ninachosema ni kwamba uamuzi huo ni wetu, na hatuwezi kuufanya kwa akili timamu kama bei inafichwa. Vita ni kama kitu chochote ambacho jamii inakilipia: lazima kuwe na mahali pa kusoma kilichotumika. Katiba yetu inalijua hilo. Kifungu cha 240 kinataka Bunge liidhinishe kutumwa kwa vikosi nje ya nchi, na kinalitaka Baraza la Usalama wa Taifa kuripoti kwa Bunge kila mwaka. Kifungu cha 35 kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Wabunge wa miaka hii kumi wamefanya nini na vifungu hivyo? Waliidhinisha bajeti za ulinzi mwaka baada ya mwaka. Wangeweza kushikilia bajeti hata moja tu na kusema: leteni kwanza majina.

Jeshi liliahidi uchunguzi wa El Adde. Ripoti haijawekwa mbele ya umma. Hatujaambiwa kama tahadhari ilitolewa kabla, kwa nini msaada wa anga ulichelewa, nani alipanga kambi iwe pale na ulinzi uwe vile, na kama yupo aliyewajibishwa. Wanajeshi walionusurika wanayajua baadhi ya majibu, wamefungwa na kiapo. Wapo wanaotembea nayo vifuani kama kokoto, na sisi huku vijijini tunawaona: kijana aliyerudi akiwa haongei, anayeshtuka mlango ukigongwa, anayekunywa kuanzia asubuhi. Hao nao hawamo katika hesabu yoyote.

Kila tarehe 14 Oktoba tunaadhimisha Siku ya KDF, yaani ya jeshi letu, siku iliyochaguliwa kukumbuka kuingia kwetu Somalia. Kuna gwaride, kuna hotuba, kuna kuweka mashada. Nauliza kwa unyenyekevu kabisa: mashada yale yanawekwa kwa akina nani? Wataje. Jenerali au Rais asimame asome majina, moja baada ya jingine, hata ikichukua saa nzima. Vyeo, majina na vijiji. Runinga zinazorusha mikutano ya siasa kutwa nzima zinaweza kurusha saa hiyo moja.

Na kama kuna anayedhani haya ni ya zamani, yaliyokufa na serikali iliyopita, atazame Haiti. Machi 2025 polisi wetu mmoja, kati ya waliotumwa huko kupambana na magenge, alitoweka katika shambulio la magenge hayo. Kwa miezi familia yake ilihangaika kutafuta ukweli. Septemba, kiongozi wa Baraza la Mpito la Haiti, Laurent Saint-Cyr, alisimama katika Umoja wa Mataifa jijini New York akawaenzi polisi watatu wa Kenya waliokufa nchini mwake, huyo akiwa mmoja wao. Mgeni ametutajia tena. Mficha maradhi, kifo humuumbua, na sisi tumeumbuliwa ng'ambo mara mbili.

Waziri wa Ulinzi Soipan Tuya hakuwa katika wizara hiyo mwaka 2016. Simlaumu kwa yaliyofanywa na waliomtangulia. Ana nafasi ambayo wao hawakuitumia, na haimgharimu chochote ila karatasi. Achapishe orodha ya waliouawa El Adde na Kulbiyow. Familia ambazo miili haikupatikana zipewe barua rasmi yenye tarehe, ili mjane aweze kwenda benki, mahakamani na kwa afisa wa ardhi bila kuombwa cheti cha mtu ambaye serikali haijakubali kwamba amekufa. Ripoti ya uchunguzi ifikishwe kwa Kamati ya Ulinzi ya Bunge la Kitaifa. Sehemu zinazohusu mbinu za kivita zisomwe faraghani kama ni lazima, zilizobaki zitolewe. Na ujengwe ukuta Eldoret, mahali ambapo mama asiye na pasi ya kuingia kambini anaweza kufika kwa matatu.

Kwa upande wangu sitakaa kungoja. Nimeanza kuandaa ombi la kwenda Bungeni chini ya Kifungu cha 119 cha Katiba, ambacho kinamruhusu raia yeyote kuliomba Bunge kushughulikia jambo lililo ndani ya mamlaka yake. Fomu yake nimeichora kama daftari letu la mazishi: jina kamili, kikosi, kijiji alikozaliwa, siku familia ilipoarifiwa, na kama mwili ulipatikana. Familia zitakazotaka kujiunga zimwandikie mhariri wa ukurasa huu, naye atanifikishia. Isiyotaka jina litokee hadharani iseme hivyo, tutaandika kikosi na kaunti peke yake. Mama wa kijana wetu amekuwa wa kwanza kutia sahihi, na safari hii mahali pa kifo ameandika mwenyewe, kwa herufi kubwa.

Katibu wa kamati ya mazishi,
Moi's Bridge, Uasin Gishu
(Jina limehifadhiwa)